Nani Atapepeta? Kuutafuta Wimbo Mpya Ulio Mzuri Katika Wakati Wetu

Utangulizi



Katika somo hili tunajiuliza swali ambalo walimu wa kwaya wanalijua kuliko sisi: kwa nini leo ni vigumu kuupata wimbo mpya ulio mzuri? Kwa haraka swali linaonekana halina maana, kwa sababu nyimbo mpya hazijapata kuwa nyingi kama sasa. Mtunzi aliyeko Urambo akimaliza kuandika nota zake saa mbili usiku, saa tatu mwanakwaya wa Kaliua anazo kwenye simu, na Mtanzania anayefanya kazi Muscat anazo pia. Ipo tovuti ya Swahili Music Notes, ambako watunzi wa nyimbo za Kanisa huweka nota zao ili wengine wazichukue. Yapo makundi ya WhatsApp ya walimu wa kwaya. Ipo YouTube, ambako kwaya kubwa na ndogo huweka video zao. Pamoja na wingi huo, mwalimu wa kwaya anaweza kupekua simu Ijumaa nzima jioni, na Jumamosi akaingia mazoezini hajui afundishe nini.

Nasi tunaosoma falsafa seminarini, tunapotumwa vigangoni wakati wa likizo, tunaliona jambo jingine linalofuatana na hilo. Kwaya inaimba wimbo mpya karibu kila Dominika, inaimba vizuri kwa sauti nne, lakini watu waliokaa kwenye mabenchi wamenyamaza. Wimbo ukianza kuzoeleka masikioni mwao, umekwisha kubadilishwa.

Hoja yetu ni hii: tatizo la leo si uhaba wa nyimbo, wala si kwamba watunzi wa leo hawajui kazi yao. Tatizo ni kwamba kazi ya kupepeta imebaki bila mwenyewe. Zamani nyimbo zilipepetwa na safari ndefu, na gharama, na vinywa vya watu wengi. Leo wimbo unatufikia haujapita kwenye ungo wowote, na sisi tunaoupokea hatujajua kwamba ungo umewekwa mikononi mwetu. Ili tulielewe jambo hili, tutaanzia hapa nyumbani, kwenye njia ya misafara. Kisha tutauliza wimbo mzuri ni upi, na mtu anautambuaje. Mwisho tutaangalia parokia zetu zifanye nini.

1. Njia ya misafara

Kabla ya reli, Tabora ilikuwa njia panda. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, na kutoka hapa njia iligawanyika: mmoja ulikwenda magharibi hadi Ujiji, mwingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke walifika hapa Novemba 1857, na mji waliuita Kazeh. Mapadre Weupe wa kwanza waliondoka Bagamoyo Juni 1878, wakaifuata njia hiyohiyo, wakapita Tabora kabla mwaka haujaisha. Hapa wakagawanyika kama njia yenyewe, wengine kwenda Ziwa Tanganyika, wengine Ziwa Nyanza. Mmoja wa wakubwa wao, Padre Joachim Pascal, alifariki njiani Agosti mwaka huo, hajaiona Tabora.

Tusiipambe njia hii. Ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Lakini ndiyo pia njia iliyotuletea Kiswahili, na ndiyo iliyowapitisha wapagazi wa Kinyamwezi waliojulikana nchi nzima kwa ustadi wa kazi yao. Mpagazi alibeba mzigo wa takribani kilo 30, mwendo wa miezi hadi pwani, na miezi mingine kurudi. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, na ngoma ilikuwa karibu naye. Waliimba wakati wa kuondoka kambini, waliimba njiani, waliimba wakikaribia kijiji. Kirangozi alianzisha, msafara ukaitikia.

Sasa tuufikirie wimbo uliotungwa katika msafara kama huo. Ulianza kinywani mwa mtu mmoja. Kama maneno yake yalikuwa marefu mno, aliyebeba kilo 30 hakuwa na pumzi ya kuyamaliza. Kama mwendo wake haukulingana na miguu, uliwachosha watu badala ya kuwasaidia. Kama haukuwa na jambo la kusema, kesho yake hakuna aliyeuanzisha tena. Wimbo uliofika pwani, au uliorudi nyumbani hadi mashambani, ulikuwa umekwisha kupita vinywa mamia kwa siku nyingi. Frank Gunderson, katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, amezifuatilia pia nyimbo za wapagazi. Kazi za namna hiyo zinatuonyesha jinsi uimbaji wa safari na uimbaji wa shambani ulivyo wa ukoo mmoja: mmoja huanzisha, wengi huitikia, na kazi hupata mwendo.

Huo ndio ungo wa kwanza. Hakuna aliyekaa kikao kuamua wimbo upi ni mzuri. Njia ilikuwa ndefu, mzigo ulikuwa mzito, na wimbo usiofaa ulidondoka wenyewe.

2. Ungo ulivyobadilika

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mpagazi akapisha behewa, na baada ya behewa zikaja santuri na redio. Hata hivyo upepetaji haukukoma, ulibadilika tu. Tuchukue mfano wa muziki wa dansi, maana Tabora haikuwa nyuma. Mji huu ulitoa Kiko Kids ya Salum Zahoro, ukatoa Nyanyembe Jazz, ukatoa Tabora Jazz, ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa sauti ya Shem Karenga na wimbo wa Dada Asha. Wimbo wa bendi ulichezwa kwanza ukumbini mbele ya watu waliolipa kiingilio, na watu hao walikuwa na uwezo wa kukaa kwenye viti vyao bila kucheza. Baadaye bendi ilisafiri hadi Dar es Salaam kurekodi Redio Tanzania. Kila hatua ilikuwa na gharama, na kila gharama ilimlazimisha mtu kujiuliza: je, wimbo huu unastahili?

Kanisani nako ilikuwa hivyohivyo. Kipalapala, nje kidogo ya mji wetu, pana kiwanda cha uchapaji cha TMP, kilichotoa vitabu vingi vya dini kwa Kiswahili. Kuchapa ukurasa mmoja wa nota kulitaka mtu wa kupanga, karatasi, wino na fedha. Kwa hiyo kabla wimbo haujaingia kitabuni, kuna mtu aliusoma, akauimba, akauliza wenzake, akaukubali au akaukataa. Vitabu vya nyimbo vilikuwa na makosa yake, na tutayataja. Lakini vilikuwa ungo.

Leo gharama ya kutuma wimbo imekuwa karibu na sifuri. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, kwa sababu mtunzi wa kijijini asiye na fedha za uchapaji anaweza kusikika. Lakini gharama haikutoweka. Imehama kutoka kwa mtumaji ikamwangukia mpokeaji. Zamani mtunzi, mchapaji na msafara walipepeta kwanza, sisi tukapokea mchele. Leo tunapokea mpunga pamoja na makapi na vijiwe vyake, na mwalimu wa kwaya mmoja, mwenye kazi nyingine ya kumpa riziki, anatarajiwa apepete gunia zima kati ya Ijumaa na Jumamosi.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ilitungwa katika dunia ambamo kibaya kililazimika kutembea kwa miguu yake, na mtu aliweza kukiona kinavyohangaika. Katika simu, kizuri na kibaya hutembea kwa mwendo uleule. Tena YouTube hutupendekezea video zinazofanana na tulizokwisha kutazama, au zile ambazo wengi wametazama. Haina namna ya kujua kama wimbo huo utawasaidia watu wa kigango chetu kusali.

3. Wimbo mzuri ni upi?

Hatuwezi kupepeta kama hatujui tunachokitafuta. Wengine husema uzuri wa wimbo ni jambo la ladha tu: wewe unapenda huu, mimi napenda ule, na hapo mazungumzo yamekwisha. Mapokeo ya Kanisa hayakubali kwamba mazungumzo yanaishia hapo.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika sehemu ya kwanza ya *Summa Theologiae*, anataja mambo matatu yanayodaiwa na uzuri: ukamilifu, ulinganifu na mng'ao. Tuyashushe hadi kwenye wimbo. Ukamilifu maana yake wimbo haujapungukiwa na kilicho chake: sentensi haijakatwa katikati ili kutosheleza nota, na fundisho halijaachwa nusu. Ulinganifu maana yake sehemu zinakubaliana: neno la huzuni halikuvalishwa mwendo wa harusi, na silabi inayobeba mkazo wa Kiswahili haikuangukia mahali dhaifu, hata neno likasikika kama la lugha nyingine. Mng'ao maana yake kilichomo ndani kinajitokeza: mtu akiusikia wimbo anafikishwa kwenye kile kinachoimbwa, bila kukwama kwenye ustadi wa mwimbaji.

Katika muziki wa ibada Kanisa limesema wazi zaidi. Mtakatifu Pio wa Kumi, tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, alitaja sifa tatu za muziki mtakatifu: utakatifu, ubora wa umbo, na kuwa wa wote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitoa sura nzima kwa muziki. Humo tunafundishwa, pamoja na mengine, kwamba hazina ya muziki wa Kanisa itunzwe. Kwamba mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misioni yapewe heshima yake. Kwamba maneno ya nyimbo yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na vyanzo vya liturujia. Na kwamba watunzi wasiandike kwa ajili ya kwaya kubwa tu, bali pia kwa ajili ya kwaya ndogo, na kwa ajili ya kusanyiko zima kushiriki. Jambo hili la mwisho linatugusa sana. Wimbo unaohitaji waimbaji arobaini wenye mafunzo unaweza kuwa kazi nzuri ya muziki, na bado usiwe wimbo mzuri kwa kigango chenye wanakwaya wanane. Mzigo unapimwa pamoja na bega litakalouchukua.

Tuongeze onyo la Mtakatifu Augustino. Katika kitabu cha kumi cha *Maungamo* anakumbuka machozi aliyoyatoa aliposikia nyimbo za Kanisa mwanzoni mwa uongofu wake, na anaupokea uimbaji kama msaada kwa nafsi iliyo dhaifu. Lakini anasema pia kwamba pale sauti inapomgusa kuliko kile kinachoimbwa, anajiona ametenda kosa. Augustino hakuwa na vipaza sauti wala kinanda cha umeme, lakini alikwisha kuuona mtego: mtu anaweza kusisimka sana kanisani na asiwe amesali.

4. Mtu anautambuaje wimbo mzuri?

Hata tukizishika sifa hizi kwa kichwa, bado tutakwama. Mtu anaweza kujua masharti yote ya uzuri, akapewa nyimbo kumi za Zaburi ileile, na asijue achague upi. Hapa falsafa inatusaidia.

Aristotle, katika kitabu cha nane cha *Siasa*, anauliza kwa nini vijana wafundishwe kuimba na kupiga ala wenyewe, badala ya kuwasikiliza mafundi. Jibu lake ni kwamba ni vigumu sana mtu asiyeshiriki katika kutenda awe mwamuzi mzuri wa kinachotendwa. Mtakatifu Thomas naye, anapozungumzia kipaji cha hekima, anatofautisha namna mbili za kuamua sawasawa. Kuna anayeamua kwa sababu amesoma elimu ya maadili; na kuna anayeamua kwa sababu fadhila imo ndani yake, imekuwa kama ndugu yake. Mtu msafi wa moyo huitambua lugha chafu hata kabla hajaweza kueleza kasoro yake.

Tukiyaweka mafundisho haya pamoja, tunapata kanuni muhimu: wimbo mzuri hutambuliwa na watu walioimba sana. Anayesikiliza video ishirini kwa jioni moja, kila moja kwa nusu dakika, amesikia mengi lakini hajaonja chochote. Mpagazi aliujua wimbo wake kwa sababu uliishi kifuani mwake mwezi mzima. Mama aliyeimba Zaburi moja kwa miaka ishirini, shambani, jikoni na kanisani, ana kipimo ambacho hakiuzwi dukani. Ukimletea mpya anaweza kukosa maneno ya kitaalamu, lakini atakuambia, "Huu unapanda mno," au, "Haya maneno siyashiki." Huo ni uamuzi wa kweli, na mara nyingi ni sahihi.

Kwa hiyo tunaposema tumeshindwa kupata nyimbo mpya nzuri kwa sababu hatuna muda wa kutafuta, huenda tumekosea mahali pa kutafutia tatizo. Tunatafuta sana kwa vidole na macho, lakini tunaimba kidogo mno kila tunachokipata. Tukiongeza kuimba, tutapunguza kutafuta.

5. Pingamizi mbili

Wapo watakaosema: "Basi tuachane na hizi mpya, turudi kwenye nyimbo za zamani." Tunaelewa uchungu wao, lakini hoja haisimami. Kwanza, nyimbo tunazoziita za zamani zilikuwa mpya siku moja, na nyingi zilikuja kwa sauti za Ulaya ambazo masikio ya babu zetu yalilazimika kuzizoea. Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, aliandika kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, kikatoka mwaka 1963, mwaka uleule wa hati ya Liturujia. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, aliziingiza ngoma na sauti za Kisukuma katika maisha ya Kanisa. Wangesikiliza ushauri wa kubaki na za zamani, tusingekuwa na mengi tunayoyaimba leo. Pili, ulinganisho wenyewe si wa haki. Tunazichukua nyimbo thelathini zilizosalia katika miaka hamsini, tunazilinganisha na zote zilizotumwa kwenye simu mwezi huu. Mbovu za zamani tumezisahau. Za leo bado zote ziko mbele yetu.

Wengine watasema kinyume: "Waachieni watu wachague wenyewe, wimbo unaopendwa na wengi ndio mzuri." Huko nako tuwe waangalifu. Msafara uliweza kupenda wimbo wa kumtukana jirani, na ukaimbwa hadi pwani. Vinywa vya watu hupima kama wimbo unaimbika na kama unakaa moyoni. Peke yake havitoshi kupima kama unasema kweli juu ya Mungu. Ndiyo maana ungo wa Kanisa hushikwa kwa mikono miwili. Mkono mmoja ni waamini wanaoimba. Mwingine ni wachungaji na kamati za liturujia, wenye wajibu wa kuyasoma maneno na kuyapa ithibati. Mkono mmoja ukiachia, kila kitu kinamwagika.

6. Kinachohatarishwa

Mtu anaweza kuuliza: kuna ubaya gani, hata tukikosea? Si wimbo tu?

Twende msibani. Katika vijiji vyetu mtu akifariki, wanajumuiya hufika kabla ya kwaya. Usiku wa kwanza hakuna kinanda wala nota, na pengine hakuna umeme. Mama mmoja anaanzisha, wengine wanapokea gizani. Huko hakuna anayeimba kwa kusoma simu. Kinachotoka ni kile kilichokwisha kukaa moyoni, na usiku huo wafiwa hawana chakula kingine cha imani ila hicho. Katika mikesha ya namna hiyo tuliyohudhuria, nadra sana tumesikia wimbo uliotungwa katika miaka kumi iliyopita. Si kwamba hazikutungwa nzuri. Zilitungwa, zikaimbwa Dominika mbili, zikapishwa na nyingine kabla hazijamfikia yule mama.

Fikirini mtoto wa miaka minane anayekaa kanisani leo. Kila wiki anasikia wimbo tofauti, na hakuna hata mmoja unaorudi mara za kutosha ili aushike. Miaka thelathini ijayo, atakapokaa usiku kando ya jeneza la mama yake, ataanzisha wimbo gani? Na akianzisha, ni nani ataupokea? Wahenga walituonya pia kwamba wimbo mbaya haimbiwi mwana. Lakini mtoto asiyeimbiwa wimbo mmoja kwa kurudiarudia hana tofauti kubwa na aliyeimbiwa mbaya: wote wawili watafika siku ya shida mikono mitupu.

7. Tupepete namna gani?

Tunapendekeza hatua nne, ambazo hata kigango chenye kwaya ndogo kinaweza kuzifuata.

*Kwanza, maneno bila sauti.* Kabla ya kufundisha wimbo, mwalimu ayasome maneno yake kwa sauti ya kawaida mbele ya wanakwaya, kama masomo yanavyosomwa. Maneno yana maana? Ni Kiswahili safi? Yanatoka katika Maandiko, au ni sifa za jumla zinazoweza kuwekwa popote? Yanafaa sehemu ya Misa yanapokusudiwa? Nyimbo nyingi zitabaki hapa, na tutakuwa tumeokoa saa nzima ya mazoezi.

*Pili, sauti bila kinanda.* Wimbo uimbwe kwa midomo mitupu. Kinanda na ngoma ni msaada mzuri, lakini vinaweza kuficha udhaifu kama viungo vinavyoficha nyama iliyochacha. Wimbo unaosimama bila ala utasimama msibani, hospitalini na katika jumuiya.

*Tatu, kiitikio kwa wasio wanakwaya.* Kabla ya Dominika, watu watatu au wanne waombwe wakiitikie: mzee, mama, kijana, mtoto. Wakiimbiwa mara tatu na bado hawakishiki, huenda wimbo huo ni wa kwaya peke yake. Unaweza kupata nafasi yake, kwa mfano wakati wa matoleo au baada ya Komunyo. Lakini usipewe nafasi ya kusanyiko.

*Nne, muda.* Kusanyiko lifundishwe wimbo mpya mmoja tu kwa kipindi kimoja cha liturujia, na wimbo huo urudiwe kila inapofaa hadi kipindi kiishe. Kisha uachwe upumzike. Mwaka unaofuata, kipindi hicho kikirudi, uanzishwe bila mazoezi. Watu wakiupokea, umefika. Uandikwe katika daftari la nyimbo za kigango. Wasipoupokea, tumeshukuru na tumeuaga. Kwaya inayofanya hivi kwa miaka kumi itakuwa na nyimbo mpya arobaini au zaidi zilizopepetwa na watu wake yenyewe, na hiyo ni hazina kubwa kuliko simu iliyojaa nota.

Kwa watunzi tuna ombi moja. Mwalimu akikuandikia kwamba waamini wake hawakuweza kuushika wimbo wako, usimwone adui. Amekufanyia kazi ambayo msafara uliwafanyia watunzi wa zamani bure. Nasi tunaopokea tuwarudishie watunzi neno, jema au la kusahihisha, badala ya kuchukua nota zao na kunyamaza.

Na kwetu waseminari kuna wajibu wa pekee. Mungu akipenda, baadhi yetu tutakuwa maparoko, na walimu wa kwaya watatuletea nyimbo tuziidhinishe. Hatutaweza kuamua vizuri kama tulisinzia katika mazoezi ya uimbaji seminarini. Tuimbe sasa, tujifunze kusoma nota sasa, tuwasikilize wazee wa vigango vyetu wakiwa bado hai, na tuwaombe watuimbie walichokibeba.

Hitimisho

Tumeona kwamba wingi wa nyimbo ni neema inayodai kazi. Njia ya misafara ilipepeta kwa urefu wake, kiwanda cha uchapaji kilipepeta kwa gharama yake, na leo vyote viwili havitupepetei tena. Kazi imebaki kwa kusanyiko linaloimba, pamoja na walimu na wachungaji wake. Tusiingoje programu ya simu ituchagulie, wala tusiuogope wimbo kwa sababu ni mpya. Tuupokee, tuuimbe polepole, tuurudie, na uliopita kwenye ungo tuwarithishe watoto.

Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa waimbaji, atuombee.

Maswali ya kutafakari katika kwaya na jumuiya

1. Taja nyimbo tatu zilizotungwa katika miaka kumi iliyopita ambazo jumuiya yako inaweza kuziimba bila kitabu wala simu. Kama hazifiki tatu, sababu ni nini?

2. Katika parokia yako, nani huamua wimbo mpya uimbwe? Je, waamini wasio wanakwaya huulizwa?

3. Chagueni wimbo mmoja mpya mnaoupenda, msome maneno yake bila kuuimba. Unafundisha nini juu ya Mungu?

4. Ni wimbo gani ungependa uanzishwe usiku wa msiba wako? Ulijifunza kutoka kwa nani, na wewe umemfundisha nani?